Mtulinga ukivunjika, pikipiki ingoje

Mhariri,

Nashukuru kwa nafasi hii. Naandika kwa ajili ya madereva wenzangu wa boda hapa Malindi na wale wa Watamu, Gede, Mambrui mpaka Marereni, na pia kwa mabosi wenye pikipiki na abiria wetu, na jambo lenyewe ni moja. Mtu akivunjika mtulinga asirudi kwenye pikipiki mpaka picha ya hospitali, ile ya eksirei, ionyeshe mfupa umeshika, na sisi wenzake stejini ndo tumuwezeshe kungoja. Hilo la kungoja ndo gumu na ndo limenifanya nichukue kalamu, manake la picha kila daktari analisema na kila dereva analisikia, alafu wiki ya tatu unamuona mtu yuko barabarani na abiria nyuma, leso ya kubebea mkono bado anayo shingoni.

Mtulinga ni ule mfupa mwembamba unaoupapasa kwa kidole kuanzia chini ya koo mpaka begani, kila upande mmoja. Nimesikia watu wengi wakisema ni mtulinga tu, si mguu, lakini huo ndo mfupa wa pekee unaoushikisha mkono na kiwiliwili, ule mfupa mpana wa bega wa huku nyuma umeshikiliwa na misuli tu. Chini yake inapita mishipa mikubwa ya damu na mishipa ya fahamu inayoshuka mkononi. Sasa dereva wa boda akirushwa mara nyingi anaangukia bega, iwe mbuzi amekatiza pale Msabaha au tairi la mbele limeteleza kwenye mchanga wa barabara za ndani au tuktuk imegeuka ghafla bila indiketa, bega linafika chini kwanza na ile nguvu yote inapita kwenye mtulinga, nao unakatika sana sana pale katikati ambapo ni mwembamba, karibu mara 8 katika kila 10. Ndugu zetu wa Lamu nao wanaujua vizuri kwa sababu ya punda, kijana akitupwa na punda kwenye mbio za Maulidi anaanguka vilevile.

Nataka nikae kidogo kwenye wiki ya tatu, manake hapo ndo watu wetu wanaumia. Siku za kwanza hakuna anayehitaji kuambiwa apumzike, maumivu yenyewe yanamwambia, kulala ni shida anaegemezwa mito mgongoni, akikohoa analia, kuvaa shati ni mpaka mke amsaidie. Damu imeganda pale palipokatika na mwili unaanza kujenga. Ikifika wiki ya pili kwenda ya tatu zile ncha mbili zimeanza kushikwa lakini kilichozishika bado ni kitu laini, ni gegedu, hakijawa mfupa. Ila kinatosha kuzituliza zisichezecheze, na zikitulia maumivu yanapungua sana. Mtu anainua kikombe cha chai, anajivalia shati, analala ubavu, anapapasa pale juu anakuta kinundu kigumu, basi anasema nimepona. Hajapona bado. Fundi akimwaga slebu juu inakauka kesho yake na unaweza kuikanyaga kwa mguu, lakini mbao za chini haziondoi, anajua ndani bado. Kwa mtu mzima ule mfupa unashika kama wiki 6 mpaka 8 ikiwa haukuachana sana, na nguvu ya kuhimili kazi nzito au kuanguka tena inafika kama wiki 12, na wengine wanachukua muda mrefu zaidi. Hesabu ya wiki pekee haitoshi, daktari anaangalia picha na anakupima, akibonyeza huumii, ukiinua mkono unafika juu, hapo ndo anakwambia sasa.

Kuna wanaosema mbona mtoto wa jirani alivunjika hukohuko na baada ya wiki 4 alikuwa anacheza mpira. Kweli, watoto mifupa yao inaungana haraka, mtoto mdogo wiki 3 au 4 anaweza kuwa sawa, lakini wewe una miaka 30 na zaidi huwezi kujipimia kwa mtoto wa chekechea. Na sigara inachelewesha mfupa kushika, hilo limejulikana kitambo. Nawaambia hasa wale wetu ambao wakikaa nyumbani bila kazi ndo sigara na muguka, yale majani ya kutafuna, vinazidi, muda unaokaa kungojea mfupa ndo huohuo unauharibu.

Turudi kwa pikipiki yenyewe kwa sababu kuna wanaodhani kuendesha ni kukaa tu. Mkono wa kulia una mafuta na breki ya mbele, wa kushoto una klachi, na mikono yote miwili ndo inabeba kifua chako kila unapofunga breki, uzito wako wote unakuja mbele na unapita mikononi unapanda mabegani unafika kwenye mtulinga. Pikipiki yenyewe ni zaidi ya kilo 100, ongeza abiria, ongeza mtungi wa gesi au gunia la mkaa kutoka Ganda, alafu bampu kila baada ya hatua chache. Kila bampu ni pigo. Hata ukienda mwendo wa kobe, siku mtoto amekimbilia barabarani utabana breki kwa nguvu zote na mkono mmoja hauna nguvu, utafanyaje? Utamgonga au utaanguka, na ukianguka utaangukia palepale. Abiria hajui hayo, ameona boda amepanda, amelipa fea yake na anaamini mikono ya dereva ni mizima.

Kuna kijana wa steji ya jirani, jina lake nalihifadhi, alianguka upande wa Sabaki akirudi kutoka Mambrui. Alipelekwa hospitali vizuri, akapigwa picha, akafungwa mkono, akaambiwa arudi kliniki baada ya wiki chache. Bosi wake alimngojea siku chache tu akaanza kupiga simu, pikipiki imelala, hesabu yangu ya kila siku iko wapi, kuna watu wengi wanaitaka. Kijana ana watoto wawili. Kabla mwezi haujaisha akarudi barabarani, akawa anameza vidonge vya maumivu asubuhi ili aweze kushika usukani, na vile vidonge vinaficha maumivu tu, mfupa huko chini unasuguana. Hakuanguka tena, nataka watu walielewe hili, hakuanguka hata mara moja. Ni ile tikisatikisa ya kila siku. Miezi ikapita bado bega linamuuma, mkono unachoka haraka, alipopigwa picha tena ncha mbili za mfupa zilikuwa zimekaa kila moja kivyake hazikuungana. Sasa anahitaji kupasuliwa atiwe chuma, na mfupa ukishakataa hivyo saa zingine madaktari wanachukua kipande cha mfupa kiunoni kuja kujazia pale. Wiki chache alizookoa zimemgharimu karibu mwaka na bado hajamaliza. Bosi pikipiki alishampa mtu mwingine.

Kijana kama huyo simlaumu hata kidogo. Mtu mwenye watoto nyumbani na unga umeisha huwezi kumwambia apumzike wiki 8 alafu ukawasha pikipiki ukaenda zako.

Hapo stejini vijana huwa wananionyesha video kwenye simu za wale madereva wa mashindano ya pikipiki ya dunia, wananiambia mbona hawa wanavunjika leo na kesho wanakimbia. Ni kweli yametokea. Mwaka 2013 kule Assen nchini Uholanzi, Jorge Lorenzo wa Uhispania alivunjika mtulinga wa kushoto Alhamisi kwenye mazoezi, akapelekwa kwa ndege mpaka Barcelona akatiwa chuma na skrubu, Jumamosi yuko kwenye mashindano na akamaliza wa 5. Video ya hapo inazunguka sana. Sehemu isiyozunguka ni kwamba wiki 2 baadaye, kule Sachsenring Ujerumani, alianguka tena kwenye mazoezi, kile chuma kikapinda, akarudishwa kwenye kisu na mashindano yale akayakosa. Mwisho wa mwaka ubingwa ulimponyoka kwa pointi 4. Na aliyeuchukua, Marc Márquez, mwaka 2020 naye alivunjika mfupa wa mkono wa juu kule Jerez, Jumapili kaanguka, Jumanne kapasuliwa, Jumamosi kapanda pikipiki kujaribu, chuma kikaharibika, kapasuliwa tena Agosti, na msimu wote uliobaki hakukimbia. Kufikia 2022 mkono ule ulikuwa umepasuliwa mara 4. Hawa ni watu wenye daktari wao, ndege yao, mtu wa mazoezi wa kuwakanda kila siku. Chuma kinashikilia mfupa mahali pake tu, kuungana ni kazi ya mfupa wenyewe na unachukua wiki zake zilezile. Ikiwa wao yaliwafika hayo sisi wa Maweni na Kisumu Ndogo tuna nini cha kutukinga?

Kuna jambo lingine lazima niliseme ingawa najua litaudhi wengine. Wazee wetu wakandaji nawaheshimu, mgongo na misuli iliyokaza wanaisaidia, lakini mtulinga uliovunjika haukandwi na hauvutwi. Kuna kijana unamkuta kapelekwa kukandwa kwa mafuta siku mbili baada ya kuanguka na ile mishipa niliyotaja inapita hapohapo chini. Kama mfupa umeinua ngozi mpaka imekuwa nyeupe na inataka kutoboka, au vidole vimekufa ganzi, vimekuwa baridi, au mtu anapumua kwa shida, hiyo ni hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku wa manane. Kazi ya leso ni kubeba mkono usivute bega chini, kama hospitali hawakukupa kile kitambaa chao leso iliyokunjwa vizuri inafaa kabisa. Ukiwa umefungwa, vidole na kiganja na kiwiko uvichezeshe kila siku visikakamae, na mazoezi ya bega utaambiwa lini uanze, usijianzie, ila ukishaambiwa usiyaache, manake wapo ambao mfupa uliungana vizuri lakini bega liligoma kupanda kwa kukaa bila kunyooshwa.

Sasa pesa. Dereva mwingi hapa ni wa hesabu, analaza kwa bosi shilingi 300 au zaidi kila siku, kinachobaki baada ya mafuta ndo chake. Siku asipopanda hana kitu. Wengine wamechukua pikipiki kwa mkopo na kampuni zingine zinaweza kuizima kwa mbali ukichelewesha malipo. Kwa hivyo mtu akivunjika anafikiria mambo matatu kwa pamoja, chakula, hesabu na pikipiki isichukuliwe, na mfupa unakuwa wa nne.

Chakula tunaweza kukimaliza sisi wenyewe. Steji ikiwa na watu 30 na kila mtu akatoa 20 kwa siku hiyo ni 600. Wiki 6 ni siku 42, kila mmoja anakuwa ametoa 840. Zikiwa wiki 12 ni 1,680. Hizo 20 ni chini ya fea moja fupi ya hapa mjini. Sisi msibani tunachanga, harusini tunachanga, mwenzetu akishikwa na polisi tunachanga usiku huohuo bila kuulizana, iweje aliyevunjika mfupa tunamchangia siku ya hospitali tu alafu tunamwachia Mungu? Mchango wa mara moja unalipa ile picha ya kwanza na dawa, haumuweki nyumbani. Wa kila siku, hata ukiwa mdogo, ndo unaomweka.

Pikipiki nayo isilale. Steji itoe skwodi, mtu anayejulikana mwenye leseni, aendeshe ile pikipiki kwa muda, hesabu ya bosi ifike kila jioni kama kawaida, na kitakachozidi wagawane yeye na mgonjwa kwa mapatano yatakayoandikwa mbele ya mwenyekiti. Iandikwe tarehe na iandikwe wazi kwamba mwenyewe akipona pikipiki inarudi kwake. Nimeona skwodi akinogewa akaanza kupeleka maneno kwa bosi, ndo maana nasema iandikwe, na atakayefanya hivyo steji imtoe, hilo hata halihitaji mjadala mrefu.

Mabosi nawaomba kwa heshima. Mkipata hesabu yenu mnapoteza nini dereva wenu akikaa nyumbani? Dereva anayeijua pikipiki yako, anayeiosha na kuipeleka sevisi bila kusukumwa, ni mali. Ukimlazimisha arudi mapema akaanguka tena utapoteza dereva na utatengeneza pikipiki. Na kampuni za mkopo tunaziomba ziwe na utaratibu, mtu akileta barua ya daktari malipo yasimamishwe au yapunguzwe kwa muda ule ulioandikwa, deni libaki palepale, likisogezwa mbele halipotei.

Nina ombi kwa hospitali zetu pia, za serikali na za binafsi. Mgonjwa anapotoka anapewa karatasi, mara nyingi imeandikwa kwa maneno ambayo hata mwenyekiti wa steji akiisoma haelewi. Tunaomba iandikwe mistari miwili kwa Kiswahili, tarehe ya picha ya pili na kwamba haruhusiwi kuendesha pikipiki mpaka aruhusiwe kwa maandishi. Karatasi hiyo ndo itakuwa nguvu yetu kwa bosi na kwa kampuni, manake maneno ya mdomo ya dereva hakuna anayeyachukua. Na wale ambao hawajajisajili na SHA, ile bima ya afya ya serikali, wajisajili sasa wakiwa wazima, mtu asingoje mpaka yuko kwenye benchi la hospitali mkono umefungwa ndo aanze kutafuta namba ya kitambulisho.

Abiria nao wana nafasi yao. Ukiona dereva amefungwa mkono, au anashika usukani kwa mkono mmoja, au anashtuka kila bampu, shuka. Muulize kwa upole, kaka, bega lina nini, na ukipata nafasi umwambie mwenyekiti wa steji. Mwanamke mjamzito anayepelekwa kliniki na mwanafunzi anayepelekwa shule alfajiri wana haki ya kujua mikono iliyowabeba ina uwezo.

Stejini kwetu tumeanza na mambo matatu tu, mchango wa kila siku, skwodi wa maandishi, na mtu harudi bila karatasi ya picha ya pili. Wapo waliopinga, hasa hilo la karatasi, wakasema mtu mzima anajijua mwenyewe, tukajadiliana sana na mwisho wakakubali ilipofika kwamba mchango utaendelea mpaka karatasi itoke, yani hakuna atakayenyimwa wiki ya 7 kwa sababu watu wamechoka kutoa. Hapo kwenye kuchoka ndo pagumu na sijui steji nyingi zitapashinda vipi, pengine kwa kuwa na mweka hazina anayekusanya asubuhi kabla watu hawajatawanyika kuliko kungoja jioni ambapo kila mtu ameshatumia. Wenyekiti wa steji zingine wanaotaka kuziona kanuni zetu, ni ukurasa mmoja tu, waje asubuhi kabla ya saa mbili, baada ya hapo wengi wetu tuko barabarani.

Wasalaam,
Katibu wa steji ya boda,
Malindi